Nukta, Aya Mpya

4 Februari

Kwa Mwalimu,

Salamu nyingi, kama bado una masikio ya kuzipokea. Barua yako ya Desemba ilifika na nimeiweka mahali panapoifaa, yaani chini ya mguu wa meza inayoyumba. Sasa meza imetulia. Hilo ndilo jambo la kwanza la manufaa ulilolifanya tangu ustaafu ualimu.

Umeuliza ninaishije tangu niache uchungaji na kuhamia kwa mwanangu. Ninaishi kama kitabu kizuri kilichoazimwa na mtu asiyesoma. Mwanangu yuko barabarani na lori lake, nyumbani anapita kubadilisha nguo tu. Nimebaki na mkewe, ambaye ni msusi. Chumba cha mbele, ambacho mtu mwenye akili angekifanya maktaba, yeye amekifanya saluni. Ana vioo viwili, viti vya plastiki, mashine ya kukaushia nywele inayonguruma kutwa, na wateja ambao wakishaketi midomo haifungwi mpaka jioni. Mimi niko nyuma ya ukuta. Najua ndoa za mtaa mzima. Katika uchungaji wangu wote sikuwahi kusikia maungamo mengi kiasi hiki, na hakuna hata mmoja anayejuta.

Mkwe wangu huyo, ambaye mimi humwita Bibi Saluni, hajamaliza kitabu hata kimoja maishani mwake. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila haya. Juzi aliniuliza kwa nini vitabu vyangu vinanuka panya. Nikamwambia hiyo ni harufu ya elimu. Akasema basi elimu inahitaji jua, akavitoa vyote nje, akavianika uani pamoja na mataulo ya wateja. Nilikaa kitandani nikasikia upepo ukifunua kurasa ambazo wanawake wale hawatazifunua mpaka kiama.

Tuache hayo, tuzungumze mambo ya watu. Nimerudi kwenye kile kitabu cha jaji. Unakikumbuka, hata kama hukukielewa: jaji aliyemfunga mtu asiye na hatia, akaujua ukweli wakati mfungwa amekwisha kufa gerezani, akajifungia ndani na vitabu vyake, akalia miaka thelathini. Nasema tena, toba haijawahi kuandikwa vizuri zaidi. Pale jaji anapovua joho lake na kulikunja, huwa siwezi kuendelea nukta aya mpya. Soma hapo tena. Sawa.

Kuhusu kile kitabu cha mfuga nyuki ulichonisifia, nimekipitia. Mtu ameandika kurasa mia tatu juu ya nyuki na hakuumwa hata mara moja. Huyo hajui nyuki, na wewe hujui vitabu.

Wako katika uvumilivu,
Mchungaji


16 Februari

Kwa Mchungaji,

Barua yako imenichekesha pale ambapo hukukusudia kuchekesha.

Kwanza mwandiko. Nimekusahihishia hotuba zako kwa miaka, naujua mwandiko wako: sisimizi waliokanyaga wino. Sasa naletewa herufi kubwa, za mviringo, zilizonyooka kwenye mistari kama wanafunzi wa darasa la pili wakati wa ukaguzi. Umeanza shule upya?

Pili, katikati ya machozi ya jaji wako umeandika "nukta aya mpya", na baada yake "soma hapo tena, sawa". Nimesoma mara tatu nikidhani ni falsafa. Ama umezeeka vibaya, ama umenunua kalamu inayosikiliza.

Tatu, huyo jaji. Nimekwambia tangu tukiwa vijana kwamba ni gunia la machozi. Mtu analia kurasa mia nne na wewe unamwita mtakatifu. Nionyeshe jambo moja lenye akili ndani ya kitabu hicho, moja tu, nami nitaungama mbele yako, ingawa huna tena kanisa la kuniungamishia. Mimi naendelea na historia yangu ya vita vya wale ndugu wawili, majuzuu manane, na nimefika la tano. Huko watu hawalii. Wanakufa, wanazikwa, wanapata tanbihi.

Pole kwa saluni. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini sikujua kwamba zizini siku hizi kuna mashine za kukaushia nywele.

Mwalimu


25 Februari

Kwa Mwalimu,

Daktari amenishauri niandike herufi kubwa kwa ajili ya mishipa ya mkono. Na hiyo "nukta aya mpya" ni mtindo. Mwandishi aliyekomaa humwonyesha msomaji mifupa ya sentensi. Sikutegemea ungeelewa, maana wewe sanaa kwako inaishia kwenye tanbihi.

Ulitaka jambo moja. Haya, shika. Nimelifikiri mwenyewe, peke yangu, kwa muda mrefu.

Jaji analia miaka thelathini. Anavua joho, analikunja, anafunga madirisha, anakataa chakula. Dunia nzima inamhurumia. Lakini mfungwa alikuwa na mke. Anatajwa mara moja tu, kwenye sura ya pili, yuko uani kwake anafua. Na kitabu kinatuambia alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwa jaji. Mtaa wa pili, Mwalimu! Katika miaka yote hiyo ya kulia, jaji hakuvaa viatu siku moja akaenda kubisha hodi na kusema, "Mama, nimekukosea." Kulia ndani ni rahisi, chai unaletewa. Kubisha hodi ndiyo kazi. Yule hakutubu. Alijionea huruma tu, tena kwa starehe.

Sasa ungama.

Huku mambo ni yaleyale. Jana Bibi Saluni alikikamata kitabu hichohicho mikono ikiwa na povu, anasoma huku anamumunya pipi. Mbele ya jina la mji asilolijua anaguna kidogo na kuliruka, kama mtu anayevuka dimbwi. Viishio vya maneno anavimeza. Mteja akibisha anaacha sentensi ikining'inia, anakwenda kumwosha mtu kichwa, kisha anarudi na kuanza mahali pengine kabisa. Halafu anatoa maoni. Ana maoni, Mwalimu, huyu asiyemaliza kitabu! Debe tupu haliachi kuvuma. Hilo uliandike vizuri, hilo la debe.

Wako,
Mchungaji


9 Machi

Kwa Mchungaji,

Ninaungama.

Nilikaa na karatasi yako mkononi mpaka chai ikapoa. Tangu tufahamiane umenipa maneno mengi, lakini mengi yalikuwa ya kutoka mimbarini, yenye sauti kubwa na nyama kidogo. Hili la mke wa mfungwa ni la mtu anayeona. Nimekitafuta kitabu, nikafungua sura ya pili, na kweli yupo pale, anafua. Nimekipita mara ngapi kile kifungu! Ni aibu kwangu, na ni aibu tamu. Ama umeanza kupata akili uzeeni, ama ulikuwa nayo ukaificha kwa ajili ya waumini.

Sasa sikiliza. Nipo peke yangu katika nyumba hii na watu wa kuongea nao ni muuza maziwa na redio. Redio ina akili kidogo zaidi. Chumba cha nyuma nimekitoa makorokoro, nimekipaka rangi, nimeweka kitanda na rafu mbili tupu. Njoo ukae. Si kutembea, kukaa. Wewe una sauti. Utasoma, mimi nitabisha, ndivyo tutakavyozeeka. Tena mwezi wa nne kanisa lako la zamani linatimiza miaka hamsini na wanataka usimame usome neno la ufunguzi. Nimewaambia utakuja.

Mwache huyo msusi na mashanuo yake. Mwanamke wa aina hiyo ukimpa kitabu atapepea nacho makaa. Kichwa kama chako hakifai kukaa ukuta mmoja na vichwa vya kuoshwa.

Nakungoja. Usisahau kuleta kitabu changu cha nyuki.

Mwalimu


15 Machi

Kwa Mwalimu,

Nakuja.

Sikumbuki mara ya mwisho kuandika neno lililonifurahisha hivi. Nitafika siku mbili kabla ya hiyo sherehe ya kanisa. Nimeanza kufungasha. Mashati nimeyakunja, vitabu nimevipanga kwa ukubwa. Nitaondoka katika nyumba hii kama Waisraeli, ila mimi sitatamani chochote nilichokiacha.

Nimemwambia Bibi Saluni. Aliendelea kuosha mashanuo. Nikadhani amefurahi, maana atapata chumba cha kuweka viti vingine. Kisha akaniuliza kule kwako nani atanikata kucha. Kucha! Mtu anakwenda kuishi na vitabu na rafiki, yeye anawaza kucha. Huko ndiko fikra zake zinakofika, hazivuki.

Mbona umesimama? Endelea kuandika.

Niwekee taa nzuri mezani.

Mchungaji


16 Machi

Kwa Mwalimu,

Shikamoo.

Mimi ndiye Bibi Saluni. Hatujawahi kuonana lakini mwandiko wangu unaujua, umeshaucheka. Barua hii nimeiandika bila Baba kujua.

Baba haoni. Jicho la kushoto lilikwisha kabla hajahamia kwetu, la kulia lilimalizika Oktoba mwaka jana. Sasa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba tulichelewa. Ameniapisha nisimwambie mtu, na kwanza kabisa nisikwambie wewe. Barua zote ananitajia, mimi naandika. Zako mimi ndiye ninayemsomea. Ile ya makaa niliisoma mimi, kwa sauti yangu, mteja akiwa na dawa kichwani.

Ile "nukta aya mpya" ya kwanza niliiacha makusudi. Alikuwa ametoka kunitajia kwamba sijamaliza kitabu maishani, na mkono unaoandika ni wangu. Nikasema moyoni, haya, nitaandika kila linalotoka kinywani mwake, kama lilivyo. Nikaona raha. Tangu hapo naandika kila kitu.

Na ni kweli nilikuwa sijamaliza kitabu. Sasa nimemaliza vingi vyake, tena kwa sauti, maana hakuna mwingine wa kumsomea. Cha jaji tumekimaliza mara mbili. Yale ya mke wa mfungwa niliyasema mimi, nikiwa nafua mataulo. Baba aliguna akasema sina elimu ya kutosha kukihukumu kitabu kile. Baada ya siku mbili akanitajia maneno hayohayo niyaandike kwako, na juu yake akaongeza "nimelifikiri mwenyewe, peke yangu". Nikaandika. Simdai. Nyinyi wasomi naona mna njaa, mtu mwenye njaa huwezi kumwita mwizi.

Nakuandikia kwa jambo moja. Amekunja mashati yake. Anayakunja kwa kupapasa, anatafuta mshono kwa kidole, likienda upande analikunjua anaanza upya. Tangu nimjue sijamwona na furaha kama hii. Anadhani atafika kwako na utakuwa hujui. Anasema kanisani neno la ufunguzi analijua kwa moyo, atashika kitabu tu. Na ngazi je? Na wewe je, utakapompa juzuu la tano akusomee?

Kama unamtaka hivyo alivyo, mchukue. Chai umwekee upande wa kulia, umwambie umeiweka. Viti visihamishwe. Ukimsomea usiruke, na akisema "soma hapo tena" usikasirike, siku hizo huwa analia kidogo na hataki mtu aone. Mimi nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni.

Kama huwezi, sema huwezi. Lakini sema kwa ustaarabu, kwa sababu atakayemsomea ni mimi, na kinywa changu kimechoka kutamka matusi ya wazee wawili.

Msusi


28 Machi

Kwa Mchungaji,

Nimearifiwa hali yako na mtu ambaye sikumwomba taarifa.

Nitakuwa mfupi. Chumba cha nyuma nimempa mpangaji. Kanisani nimewaambia watafute mwingine. Nilikuita nikitafuta mwenzangu wa kusoma, si mzee wa kushikwa mkono kwenda msalani. Umri wangu hauruhusu uuguzi, wala tabia yangu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba umenifanya mjinga. Nilidhani nabishana na wewe, kumbe nabishana na saluni. Lile jambo la mke wa mfungwa nililisifu kwa sababu nilidhani limetoka kwa mtu aliyesoma. Kama limetoka kwenye beseni la mataulo, basi nafuta ungamo langu. Halina uzito niliodhani linao.

Vitabu vyangu viwili ulivyoazima, virudishwe kwa posta.

Wewe binti unayesoma hii: msomee kama ilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze.

Mwalimu


4 Aprili

Kwa Mwalimu,

Nimepokea barua zako tatu, zote katika karatasi moja.

Ya kwanza nilisomewa asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa. Humo uliandika kwamba mvua imebomoa paa la chumba cha nyuma, na fundi anakusumbua, na kwamba moyo wako umevunjika. Uliandika "pole ndugu yangu". Nikashangaa. Nakufahamu tangu tukiwa na meno yetu yote. Wewe ukimwandikia mtu "ndugu yangu" mkono utavimba. Tena sentensi zilikuwa fupi, hazikuwa na tanbihi, na hukumtukana mtu yeyote. Nikasema, mkwe wangu, nisomee tena hapo.

Ya pili ilikuwa na paa na fundi, lakini sasa mvua ilikuwa imekuwa upepo. Kulikuwa na salamu mpya kwa mwanangu, na mwishoni ulinialika nije kiangazi. Barua iliongezeka ikiwa mkononi mwake. Nimesikiliza watu wakidanganya kwa kazi, Mwalimu, na sijapata kusikia mtu anayedanganya vibaya hivi, wala kwa sababu nzuri hivi. Nikamwambia asome ile iliyopo kwenye karatasi. Akakataa. Nikamwambia mimi ni baba mkwe wake na naamuru. Akasema hata kama ningekuwa askofu. Mwishowe nikamwomba. Sijui kama niliwahi kumwomba kitu kabla ya hapo. Akaisoma ya tatu, ile yako, polepole, bila kuruka, mpaka kwenye msala na beseni. Kisha akaniambia na lililobaki, kwamba alikuandikia, na aliandika nini.

Kwa hiyo sote tunajuana sasa. Sioni. Haya, nimelisema, na paa halijabomoka.

Nilijiandaa kukutukana. Nilikuwa na aya nzuri sana juu yako, nilikesha nikiitunga, ilikuwa na nyani na kundule. Nimeiacha, maana nilipoanza kuitaja niliisikia sauti yangu na ilikuwa sauti yako. Jinsi ulivyomwandikia yeye katika barua hiyo ndivyo nilivyomtaja mimi katika zangu zote. Tofauti yetu ni kwamba wewe hukumfahamu. Mimi nilimtaja akiwa ameketi mbele yangu, kalamu mkononi, naye akaandika, na baada ya kuandika akainuka kunitilia chai.

Bado anasoma vibaya. Anameza viishio, na ile miji anaendelea kuiruka. Kitabu cha mfuga nyuki amekipenda, jambo ambalo litatugombanisha mpaka nife. Lakini umefuta ungamo lako kwa sababu ya mahali neno lilipotoka, na hapo umekosea kuliko ulivyowahi kukosea juu ya kitabu chochote. Neno lile ni la kweli. Lilikuwa la kweli nilipoliiba na ni la kweli sasa. Vitabu vyako viwili vinakuja kwa posta. Cha jaji ni changu, kinabaki hapa.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nilihubiri juu ya hilo mara nyingi, na watu wakaitikia, na mimi nikaenda nyumbani kula. Yule jaji alikuwa na mtaa mmoja wa kuvuka akashindwa. Mimi sina mtaa. Kilicho kati yangu na mtu niliyemkosea ni meza hii, ile iliyokuwa ikiyumba, na hapo juu kuna kikombe, upande wa kulia, najua kipo kwa sababu ameniambia.

Mkwe wangu. Mwanangu. Nimekukosea. Nimekudharau mchana na nikakuibia usiku, nikakufanya uandike vyote viwili kwa mkono wako. Naomba uniwie radhi.

Mbona umesimama? Andika. Andika kama nilivyosema, nukta, na usifute.

Mchungaji

Sikufuta.
Msusi